Kibanda cha Melchior

Ijumaa hiyo Kellen alibakiwa na shughuli moja tu: kununua mkate wa Ihirwe na kwenda nyumbani. Mkate wenyewe uwe ule wa maziwa, si mwingine. Binti wa miaka mitano akishaamua jambo la mkate, hakuna rufaa. Jua lilikuwa linazama nyuma ya uwanja wa Amahoro, na Kellen alikuwa ameshateremsha nusu ya mlango wa chuma wa karakana yake ya kompyuta pale Remera, simu ilipolia.

"Ni weye Madamu Kellen wa maoridinateri?"

Sauti ya mama mtu mzima. Alikuwa ananong'ona kama mtu anayepiga simu katikati ya misa.

"Ni mimi. Ila tumefunga, mama."

"Nisaidie, mwanangu. Oridinateri ya mutoto imekataa kuwaka. Kesho saa mbili anatetea memwari, na memwari iko mule ndani yote. Kurasa mia moja na kumi na mbili."

Kellen alifumba macho. Ndivyo wanafunzi wa chuo kikuu walivyo. Atakueleza mabadiliko ya tabianchi kwa lugha tatu, lakini kuhifadhi tasnifu yake mahali pawili, hilo hawezi. Kellen hakuwa na haki ya kumcheka mtu. Ya kwake mwenyewe, miaka kumi nyuma, ilikuwa kwenye flash iliyofuliwa pamoja na suruali.

"Kwenye kioo inaonyesha nini?"

"Weusi. Na maneno kidogo. Inasema hakipo."

"Hakipo nini?"

Sauti ikashuka zaidi.

"Kibanda."

"Mama, hakuna kompyuta duniani inayosema hivyo."

"Njoo uone," yule mama alisema. "Ila wahi. Kabla hajaamka tena."

Kellen alidhani anamsikia vibaya. Alimpigia jirani yake Joselyne, akamwomba akae na Ihirwe mpaka saa tatu, akaahidi mikate miwili badala ya mmoja, akasimamisha pikipiki. Begini alikuwa na vitu vyake vya kazi: flash ya kuwashia mashine zilizokufa, bisibisi, na diski ya nje nyeusi, ndogo kama pakiti ya biskuti.

Nyumba ilikuwa Kacyiru, upande wa chini, mbali kidogo na maofisi. Ni nyumba ya watu waliosoma: geti la kijani, majani yaliyokatwa sawasawa, mawaridi. Mwenye nyumba alimfungulia kabla hajabisha. Alijitambulisha kwa jina la Pudentienne, mjane wa Melchior, mpima ardhi. Alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, ndiyo maana Kiswahili kilimtoka bila kutafuta. Kellen alikulia Karagwe kwa bibi yake, upande wa Tanzania. Basi wakaelewana, kila mmoja na chake.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu.

Si mbaya, ila haikuwa na kazi mle ndani. Ilikuwa harufu ya moto uliomwagiwa maji. Makaa yaliyolowa. Kellen aliangalia jikoni; jiko lilikuwa la gesi, safi, limefunikwa kitambaa.

"Mmechoma kitu?"

"Hapana," Pudentienne alijibu haraka mno. "Karibu. Sisi hapa tuko watu wa kusali."

Hakuna aliyemuuliza.

Sebuleni kulikuwa na Bikira Maria ukutani, rozari tatu zimeningʼinia kwenye msumari mmoja, na kalenda ya parokia. Juu ya meza ya chakula ilikaa laptop nzee, nyeusi, iliyofunguliwa. Kwenye sofa alilala msichana wa miaka ishirini na kitu, amefunikwa kitenge mpaka shingoni.

"Huyu ni Natacha. Amechoka na masomo," mama yake alisema. "Tumuache alale."

Mkono wa kushoto wa Natacha ulikuwa nje ya kitenge. Vidole vilikuwa vinagonga mbao ya sofa, taratibu.

Tatu. Kisha kimoja.

Tatu. Kisha kimoja.

Kellen alikaa mbele ya mashine. Kwa kazi yake, kioo cheusi ni kama mgonjwa anayelia: bora yule kuliko anayetabasamu. Alisoma maneno yaliyokuwepo, kwamba kipande cha diski hakipo, akaelewa yote papo hapo, akakaribia kucheka.

"Mama, mashine hii ilikuwa na mifumo miwili. Windows, na Linux. Ndivyo?"

"Miye sijuwi majina. Ilikuwa na upande wa mutoto, na upande wa muzee."

"Na leo mtu amefuta upande wa mzee."

Pudentienne aliangalia chini. "Natacha. Nafasi ilimuishia. Mchana saa nane."

Kosa la kila wiki, hilo. Kellen alieleza kama alivyowaeleza wengine mia. Diski moja, alisema, ni kiwanja kimoja kilichogawanywa. Kila mfumo una nyumba yake. Ukiwasha mashine, kwanza inakuja orodha fupi yenye mistari miwili, mmoja wa kila nyumba. Unachagua. Usipochagua, inahesabu sekunde kumi, halafu inachagua yenyewe. Orodha hiyo ndiyo geti. Tatizo ni kwamba geti hilo limejengewa kwenye ukuta wa Linux. Mtu anaona nyumba asiyoitumia, anaibomoa apate nafasi, kumbe amebomoa na geti la kiwanja kizima. Tasnifu ipo salama upande wa pili, haina mkwaruzo. Ila hakuna pa kuingilia.

"Nikikuwekea geti jipya la upande wa Natacha peke yake, ni dakika kumi na tano," alimaliza. "Kesho anatetea, mimi nakwenda kununua mkate."

"Na upande wa muzee?"

"Huo umeshafutwa. Alikuwa na nini mle, picha?"

Pudentienne alifungua mdomo. Vidole vya Natacha vikaacha kugonga.

"Anaamka," mama yake alinong'ona. "Yezu wangu... anaamka."

Natacha alifumbua macho.

Kellen ameamsha watoto na ameamsha walevi, anajua macho ya mtu aliyetoka usingizini yanavyokuwa: yanatafuta dirisha, yanatafuta saa. Haya hayakutafuta kitu. Yalikuwa wazi, makavu, yametulia kwenye dari kama kioo kilichowashwa ambacho hakijaandikwa neno.

Pudentienne alikuwa anahesabu chini kwa chini. "Kumi na tano... kumi na sita..."

Feni ya laptop ilianza kuzunguka. Kellen hakuwa amegusa kitu.

"Thelathini na mbili... thelathini na tatu..."

Harufu ya makaa ikapanda.

"Hamsini na nane. Hamsini na tisa."

Midomo ya Natacha ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kwake, ila imeshikwa na mtu mwingine, kama koti la mtoto linapovaliwa na mtu mzima.

"Mlango uko wapi?"

Kisha macho yakafumba. Vidole vikarudi kwenye mbao. Tatu. Kisha kimoja.

Kellen aligundua kwamba amesimama, na kiti kimeanguka nyuma yake.

"Mpeleke hospitali," alisema.

"Nilimupeleka saa tisa. Wakampima kila kitu. Wakasema ni uchovu, alale. Ile saa alipoamka mara ya kwanza alichelewa kidogo tu, nilihesabu mpaka sita. Halafu kumi na tano. Halafu arobaini. Kila mara anachelewa zaidi kurudi. Na sasa hii, umeona weye mwenyewe... hakurudi yeye kabisa."

"Mama Natacha." Kellen aliinua kiti, akakaa, akasema polepole. "Mimi si padri na si jirani. Ni fundi. Ukinificha, nitatengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Upande wa mzee kulikuwa na nini?"

Mjane alitazama Bikira Maria kama anayeomba ruhusa. Kisha alikwenda, akageuza picha uso kwa ukuta. Akavuta kapeti kwa mguu. Chini ya meza, nyuma ya mguu wa mbele, kulikuwa na kibuyu kidogo na mrija, na chupa ya plastiki iliyojaa ikigage, pombe ya mtama.

"Bibi yako Karagwe," alisema, "hakuwa na indaro uani?"

Bibi alikuwa nayo. Kibanda cha nyasi, kimo cha goti, nyuma ya migomba. Ndani mna tandiko dogo na chungu kidogo. Ni pa kulala marehemu wa nyumba, ili wasilale ndani na walio hai. Jioni bibi alikuwa anapeleka pombe kidogo, anakohoa, anawapa habari za siku. Jumapili anakwenda kanisani, wa kwanza kwenye benchi.

"Melchior alipojua kwamba hataamka kutoka ule ugonjwa," Pudentienne alisema, "aliomba indaro. Miye nikamwambia: Kacyiru hii? Uani, kati ya mawaridi? Jirani waone, kikundi cha sala waone? Nikasema hapana. Akacheka. Alikuwa mupima ardhi, maisha yake yote alikata viwanja. Akachukua hii mashine, akaikata. Akasema, hapa hakuna jirani atachungulia. Ijumaa jioni, kabla ya giza, unafungua upande wangu, unaniwekea kikombe, unaniandikia habari. Basi."

"Na wewe ukaandika."

"Miaka mitatu. Ijumaa zote. Sijalala nje ya hii nyumba Ijumaa hata moja. Dada yangu iko Rusizi, amezaa, ameuguwa, amepona, sijaenda." Alisema hilo kwa sauti ambayo haikuwa ya huzuni. Kellen alilisikia, akaliweka kando. "Nilikuwa naandika: habari za jioni, bei ya mkaa, Natacha amefaulu. Na yeye anajibu."

"Anajibu?"

"Neno moja. Chini ya maneno yangu. *Ndumva*."

Ndumva. Nasikia.

Kellen alisomea sayansi ya kompyuta miaka minne, na alikuwa na maelezo matatu tayari. Natacha ndiye aliyekuwa anajibu, kumfariji mama yake. Lakini Natacha angejua yaliyomo, asingefuta. Au mama ndiye, bila kujijua. Au... Maelezo ya tatu yalimkatikia njiani, kwa sababu vidole kwenye sofa vilikuwa vimeongeza kasi.

"Nyumba imebomolewa," alinong'ona mjane. "Yeye ataenda wapi? Ameingia kwa aliye karibu. Rudisha kibanda, mwanangu. Kabla hajaamka tena."

Kuna jambo watu hawalijui kuhusu kufuta. Ukifuta patisheni, yaani kipande cha diski kilichokatwa namna ile, kilichofutwa ni kibao cha namba ya kiwanja tu. Nyumba yenyewe bado imesimama gizani, mpaka mtu ajenge juu yake. Natacha alikuwa hajajenga. Mashine ilimwomba aizime na kuiwasha kwanza, na haikuwaka. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana. Unatembea diski nzima, hatua kwa hatua, unatafuta kuta za zamani, ukizikuta unarudisha kibao.

Kellen alichomeka flash yake, akawasha mashine kwa kupitia humo. Mikono ilikuwa inajua kazi hata kama kichwa kilikuwa kwingine. Alikuwa karibu kuanza kutafuta, Pudentienne alipomgusa bega.

"Hutoi kopi kwanza?"

"Nini?"

"Nimesikiaka nyinyi mafundi munatoa kopi kwanza. Ya kila kitu. Ili ukikosea, usipoteze."

Alikuwa sahihi, na Kellen aliona haya. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya karakana yake, imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa: usiguse diski ya mteja kabla hujaitolea nakala. Hofu ilikuwa imemsahaulisha. Alichomeka diski yake ya nje na kuagiza inakili yote, neno kwa neno, na yaliyofutwa pia. Diski ya laptop ilikuwa ndogo. Dakika ishirini na mbili, mashine ilisema.

Asilimia tano.

Nje kulishakuwa giza, mbwa wa jirani alikuwa anabweka kwa kujilazimisha, kisha akanyamaza. Pudentienne alikaa miguuni pa mwanawe akimshika kisigino.

Asilimia thelathini.

Natacha aligeuza kichwa upande wa meza. Macho yalikuwa bado yamefumba. Puani alikuwa anavuta hewa kwa nguvu, mara mbili, mara mbili, kama anayesikia chakula kinapikwa.

Asilimia sitini.

Diski ya nje ikapata joto. Kellen aliigusa, akaondoa kidole. Diski za namna hiyo huwa zinapata moto zikifanya kazi, alijiambia. Huwa zinapata. Ila ilikuwa inatoa mlio pia, na haina kitu cha kuzunguka ndani.

Tk tk tk. Tk.

Asilimia tisini na tisa... Mia.

Vidole vya Natacha vilisimama. Mkono ukalegea, ukaning'inia sakafuni kama mkono wa mtoto aliyeshiba. Na harufu ya makaa iliondoka sebuleni kama mtu aliyeitwa nje.

"Ah," alisema Pudentienne. Ni hilo tu.

Yaliyofuata yalikuwa kazi, na Kellen aliipenda kazi usiku ule kuliko sala. Alitembeza kifaa chake juu ya diski. Kilikuta ukuta mmoja, wa Windows. Kikaendelea. Kikakuta wa pili, palepale ulipokuwa, na jina ambalo mzee mwenyewe aliupa: INDARO. Kellen alirudisha kibao. Akajenga geti upya. Akachomoa kila kitu, akazima, akawasha.

Mistari miwili ikatokea. Kumi. Tisa. Nane...

"Mama? Ni saa ngapi?" Natacha alikuwa amekaa, nywele upande, anajikuna shavu. "Memwari yangu! Mbona mnanitazama? Huyu ni nani?"

Mama yake alimkumbatia mpaka akakohoa. Kellen alishuka hadi mstari wa Windows, akaingia, akaona faili la kurasa mia moja na kumi na mbili, akalituma papo hapo kwenye barua pepe ya Natacha, na akamwambia maneno kuhusu kuhifadhi vitu mahali pawili ambayo hayafai kuandikwa.

"Si kosa langu," Natacha alijitetea. "Mama ndiye aliniambia. Nilimwambia nafasi imekwisha, akasema futa tu ule upande, mule hakuna kitu."

Kellen alimtazama Pudentienne. Pudentienne alikuwa anageuza picha ya Bikira Maria iangalie sebule, na ilimchukua muda mrefu kuinyoosha.

Barabarani, mwenye pikipiki alimpa kofia, akalitazama begi lake.

"Madamu, umebeba jiko humo? Ninasikia makaa."

"Endesha," Kellen alisema.

*

Wiki ikapita, na mchana una uwezo mkubwa wa kufanya mambo yaonekane ya kijinga. Kufikia Jumatano, Kellen alikuwa ameshamsimulia Aimable, fundi mwenzake, sehemu ya kisa: mama mcha Mungu na pombe yake chini ya meza. Walicheka. Hakumsimulia kuhusu macho.

Sheria ya pili ya karakana, chini ya ile ya kwanza, inasema: nakala ya mteja inakaa siku saba, kisha inafutwa. Ijumaa jioni Aimable alikuwa ameshaondoka. Ihirwe alikuwa amekuja na Joselyne, akaachwa hapo na kalamu za rangi, akalala juu ya mkeka nyuma ya meza, kalamu nyekundu bado mkononi. Mkono wa kulia. Ihirwe huchora kwa mkono wa kulia, anakula kwa mkono wa kulia, na kurusha mawe kwa mkono wa kulia.

Kellen alichomeka diski nyeusi. Ilikuwa vuguvugu, ingawa ilikaa kwenye droo wiki nzima. Akaagiza ifutwe. Na Kellen hafuti kibao tu kama wanafunzi. Anafuta kweli, anapanga sifuri juu ya kila tofali.

Asilimia moja.

Asilimia mbili.

Kwanza alidhani ni mvua kwenye bati.

Asilimia tatu.

Harufu ya moto uliomwagiwa maji.

Aligeuka. Ihirwe alikuwa amelala chali. Kalamu nyekundu ilikuwa imeanguka. Mkono wa kushoto, ule asiotumia, ulikuwa umetoka pembeni ya mkeka na vidole vitano vidogo vilikuwa vinagonga saruji.

Vitatu. Kisha kimoja.

Kellen hakumbuki alivyofika kwenye kibodi. Anakumbuka namba tu. Alisimamisha kazi ikiwa asilimia nne.

Vidole vikatulia.

Aliipiga namba ya Pudentienne mara tatu. Ya tatu ikapokelewa, na nyuma yake kulikuwa na vicheko, sahani, mtoto mchanga analia.

"Fundi wangu! Natacha amefaulu, unajua? Wamemupa alama za juu kabisa."

"Uko wapi, mama?"

"Rusizi. Kwa dada yangu."

"Leo Ijumaa."

Vicheko vikapungua. Alikuwa anatoka nje. Mlango ukafungwa.

"Ijumaa, ndiyo," Pudentienne alinong'ona.

"Ulifungua upande wake, kabla hujaondoka? Uliandika?"

"Nilifungua kila siku ya wiki hii. Nimesalimu. Iko kimya, mwanangu. Hayupo mule."

"Yuko wapi?"

Ng'ambo ya simu mtu alivuta pumzi ndefu. Kellen alijua kwamba huyu mama alikuwa amelijua jibu tangu dakika ile sebuleni, tangu ile *ah*.

"Alitafuta mlango," alisema mjane. "Weye ulifungua wa kwanza."

"Ulinituma nitoe kopi. Ulijua."

"Sikujuwa. Niliomba tu iwe hivyo. Si kitu kimoja. Nilidhani akifutwa ataenda zake. Miaka mitatu, mwanangu... nilichoka. Halafu akamushika mutoto wangu. Weye uko na mutoto?"

Kellen aliangalia mkeka.

"Basi unajua," Pudentienne alisema. "Ijumaa, kabla ya giza. Kikombe kimoja kinatosha. Usimupe ya baridi, meno yake hayapendi." Na akakata.

Kellen alikaa sakafuni karibu na mkeka mpaka taa za barabarani zikawaka. Alifikiria kurudisha diski Kacyiru. Alifikiria kwamba nyumba ile sasa imefungwa, na kwamba kumhamisha mtu anayekataa kuhama si kazi aliyosomea. Alifikiria ile asilimia nne. Zilikuwa tofali ngapi? Na aliyekuwa anakaa kwenye tofali hizo, alihamia wapi?

"Ihirwe," alisema. "Twende nyumbani, mama."

Mtoto alifumbua macho.

Moja.

Mbili.

Tatu.

Nne.

"Umenunua wa maziwa?" Ihirwe aliuliza.

Siku hizi mtu akipita karakana ile Ijumaa saa kumi na moja na nusu atakuta mlango umeteremshwa nusu. Aimable ameshauliza mara mbili kuhusu chupa ya mtama iliyo nyuma ya printa mbovu. Kellen alimwambia ni ya mgeni wa Joselyne. Alisema bila kupepesa, yeye ambaye maisha yake yote hakuvumilia watu wa kujifanya. Diski nyeusi haifutwi, haiazimwi, haizimwi; imeandikwa kwa karatasi ya gundi ISIGUSWE, na chini yake, kwa herufi ndogo, asilimia tisini na sita.

Anaiandikia habari. Bei ya mkaa. Mvua. Anapata neno moja, naye hataki la pili.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, anainama juu ya kitanda cha Ihirwe, anamwita mara moja, na anahesabu.

Bado ni nne.

Jana alidhani amefika tano.